Darasani na Kwenye Ujenzi: Maneno ya Kamati, Siku ya Wakimbizi Duniani



Patrick van Rensburg aliikimbia Afrika Kusini ya ubaguzi. Huko Serowe, Botswana, alianzisha shule ya Swaneng Hill mwaka 1963, na mwaka 1965 Brigedi ya waashi. Vijana waliokosa nafasi ya sekondari walijenga, kisha wakaingia darasani kusoma hesabu na Kiingereza. Mapato ya kazi yao yalisaidia kulipia mafunzo.

Vijana wetu humaliza shule wakabaki kungojea mgao, na huku mafundi wa madarasa na visima wanaletwa kutoka nje! Tunaomba kila mkataba wa ujenzi kambini uwachukue wanafunzi wetu siku mbili kwa wiki, wapewe na cheti kitakachotambuliwa hata tukirudi nyumbani.