Jinsi Madaktari Wanavyofundishwa Tabaka za Mwili



Wengi wenu mnazo habari za ababari, waganga wa Kigusii waliojua kumfungua fuvu mtu aliyeumia kichwa. Walikwangua mfupa polepole, wakijihadhari wasiutoboe utando unaofunika ubongo. Daktari wa leo naye hana budi kuzijua tabaka za mwili kabla ya kushika kisu. Nataka kuwaelezeni njia moja anayofundishwa.

Ukikata mgomba kwa kukingama, waona mara moja jinsi maganda yake yalivyofumbatana. Mwili wa binadamu huweza kuonyeshwa vivyo hivyo. Kwanza maiti hutiwa dawa ya fomalini kwa njia ya mishipa ya damu, ili isioze. Kisha hugandishwa kwa baridi kali mpaka iwe ngumu kama gogo, kwa maana nyama laini ikikatwa, viungo huhama mahali pake. Hapo hukatwa kwa msumeno vipande vyembamba, yapata sentimita 1 au 2. Unga wa msumeno huoshwa, na kila kipande hupewa namba yake na kuhifadhiwa. Mrusi Nikolai Pirogov aliifanya kazi hii katika miaka ya 1850. Mwaka 1977 Mjerumani Gunther von Hagens alivumbua njia ya kuondoa maji na mafuta na kutia plastiki badala yake, hata kipande kikashikika mkononi kikiwa kikavu.

Faida yake ni kubwa. Mashine ya CT skani huonyesha mwili wa mgonjwa katika vipande kama hivyo, navyo hutazamwa kana kwamba mtu amesimama miguuni pake: mkono wa kuume wa mgonjwa huwa kushoto kwa mtazamaji. Asiyezoea aweza kukosea upande, na mwenye damu iliyovuja ndani ya fuvu akapasuliwa pasipo jeraha.

Lakini maiti hizo hutoka wapi? Katika vyuo vingi vya Afrika ni za watu ambao jamaa zao hawakuja kuwachukua. Sisi tunaotaka mtu azikwe nyumbani kwao twaona uzito wa jambo hilo. Afadhali mwili utolewe kwa hiari, mwenyewe akiwa hai, na jamaa wakijua. Wala asishurutishwe mtu. Na wafundishao wana wajibu wa kutunza kila kipande, ili masomo yakiisha, vyote vizikwe pamoja kwa heshima.