Kupima Boroni: Shamba la Alizeti na Chombo cha Maabara



Alizeti huonyesha upungufu wa boroni mapema kuliko mahindi. Majani machanga huwa manene na rahisi kuvunjika, kichwa huota kombo, mbegu huwa mapepe. Hali ikizidi, shina hukatika chini ya kichwa. Lakini ukame nao huleta mapepe, na hapa Issuna, wilayani Ikungi, ukame tunaujua. Kwa jicho peke yake huwezi kujua tatizo ni lipi. Itabidi udongo upimwe.

Kwanza tuone boroni yenyewe hupimwaje. Boroni iliyo peke yake haipatikani ardhini. Wakemia Gay-Lussac na Thénard waliitenga kule Paris mwaka 1808, na mwenzao Davy akafanya hivyo London mwaka huohuo. Ile ya fuwele ni kaidi: hata asidi hidrokloriki inayochemka haiigusi. Mkemia huichoma pamoja na sodiamu kaboneti, chumvi inayoyeyuka kwenye nyuzi 851 za selsiasi, mpaka igeuke borati na kukubali maji. Asidi boriki inayotokana nayo ni dhaifu mno kupimika moja kwa moja, kwa hiyo huongezewa manitoli ili ipate nguvu, kisha sodiamu haidroksaidi hudondoshwa tone kwa tone hadi rangi ibadilike.

Udongo wa shambani hauhitaji moto huo. Boroni yake nyingi imefungwa ndani ya madini kama turmalini, na mzizi hauifikii. Tunachotafuta ni ile ambayo mmea unaweza kuinywa. Mwaka 1939 watafiti Berger na Truog walipendekeza udongo uchemshwe kwa maji, sehemu moja kwa mbili, dakika tano tu, na maabara nyingi bado zinafuata njia hiyo. Maji yakishachujwa hutiwa kurkumini, rangi ileile ya manjano tunayotia kwenye mchuzi. Ikikaushwa pamoja na boroni katika asidi huwa nyekundu, na kifaa husoma ukali wa wekundu huo.

Hapo ndipo penye hatari ninayotaka muielewe vizuri. Tunatafuta kama nusu miligramu katika kilo nzima ya udongo, huku kioo cha kawaida cha maabara kikiwa na takriban asilimia 13 ya oksidi ya boroni. Ukichemshia humo, chombo huchangia boroni yake, na mkulima huambiwa shamba lake halina shida. Kosa la upande wa pili ni baya vilevile: akiambiwa aongeze boroni ambayo udongo hauihitaji, atauunguza mmea, kwa maana kati ya kupungukiwa na kuzidishiwa pana nafasi ndogo sana.

Kwa hiyo tumieni vyombo vya plastiki au kwatzi. Pitisheni maji matupu katika hatua zote, kuanzia kuchemsha hadi kusoma rangi, ili boroni isiyotoka kwenye udongo ionekane, na jibu la maji hayo liandikwe kwenye cheti kando ya jibu la udongo. Mkulima wa Issuna anayepeleka sampuli yake ana haki ya kuziona namba zote mbili.