Mpunga Shambani, Deni Dukani

Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, na chakula cha huko ni ndizi na maharage. Mpunga hulimwa mabondeni, na kwa kaya nyingi ni fedha kwanza, wali baadaye. Programu za kilimo mara nyingi hulisahau hilo.

Tangu Programu ya Kuendeleza Sekta ya Kilimo ilipoanza mwaka 2006, na awamu ya pili ilipozinduliwa 2018, mkazo umekuwa kwenye uzalishaji: mashamba darasa, mbegu bora kama SARO 5, mifereji, na tangu 2022 mbolea ya ruzuku. Kazi nzuri, sibezi. Lakini njaa ya mkulima huanza kabla ya mavuno. Wakati wa palizi debe la maharage limeisha, ada inadaiwa, na mchuuzi yupo mlangoni na fedha taslimu. Mpunga unauzwa ungali kijani. Wakulima wa kahawa wa huko wanaijua biashara hiyo kwa jina la butura, na Serikali imeipiga marufuku. Marufuku haijazi sufuria. Mavuno yakifika, gunia ni lumbesa na bei ni ya mnunuzi.

Kwa mtazamo wangu, tani kwa ekari ni kipimo nusu. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zitenge fedha za maghala na mikopo midogo ya msimu wa palizi, kabla ya kuchimba mfereji mwingine.