Kumwagilia Mishubiri Kipupwe Kinapokwisha

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na walimu)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya mishubiri na mimea mingine yenye majani manene, ambayo wengi wetu twaipanda makoponi na vitaluni. Katika nchi za juu, kama Njombe na Makete, baridi huwa kali tangu Juni hata Agosti, na pengine sakitu huanguka. Septemba jua hupata nguvu, lakini mvua bado ziko mbali. Ndipo watu huionea mimea yao huruma, wakaimiminia maji mengi. Huruma hiyo ndiyo iuayo.

Nasema hivi kwa kuwa nimekosa mwenyewe. Mwaka mmoja niliona majani ya mishubiri yangu yamenywea, nikaijaza maji kila jioni kwa muda wa juma zima. Miche kumi na miwili ilioza, na ndiyo yote niliyokuwa nayo.

Sababu yake ni hii. Mmea wa namna hii huweka akiba ya maji katika majani yake. Mchana wa jua kali hufunga matundu madogo ya majani ili maji yasipotee, na usiku huyafungua ili uvute hewa. Wakati wa baridi mizizi hunywa kidogo sana. Basi maji tuyatiayo hukaa udongoni, na uozo huingia.

Ustahimilivu wa mimea hii si jambo geni kwetu. Mwaka 1893 Dr. Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg, Ujerumani. Mingi ilikufa njiani, lakini 62 ilifika Tanga ikiwa hai, na katika hiyo ukatoka utajiri mkubwa wa nchi. Mmea uliovuka bahari hivyo hautakufa kwa kukosa maji juma moja.

Basi yafaa kufanya hivi. Kwanza, ngojeni hata usiku uache kuwa na baridi kali. Pili, chomekeni kijiti udongoni hata chini. Kikitoka na unyevu, msitie maji. Tatu, mara ya kwanza tieni kidogo, asubuhi, juu ya udongo wala si katikati ya majani. Baadaye, joto lizidipo, tieni maji hata yatoke chini ya kopo, kisha acheni udongo ukauke kabisa kabla ya kutia tena. Kopo lisilo na tundu chini ni kaburi la mmea. Udongo nao uchanganywe na mchanga au changarawe.

Jifunzeni pia kutambua dalili. Jani lililonywea na kuwa jembamba lina kiu. Jani laini, la manjano, lenye majimaji karibu na shina, linaoza. Mkiona uozo, kateni sehemu yote mbovu, wekeni kipande kizima kivulini siku kadhaa hata kidonda kikauke, ndipo mpande katika udongo mkavu.

Walimu, wapeni watoto kazi ya kijiti, wala msiwape ndoo kwanza. Mtoto ajifunzaye kupima kabla ya kumwaga atakuwa mkulima mwema. Subira huvuta heri.