Huyo Mtoto Si Mkaidi, Pengine Hasikii



Tumezoea kuongea haki za Waislamu kortini na kwenye ajira. Leo tuongee haki ya mtoto anayeumwa na sikio. Ndio, sikio.

Na baridi hii ya Eldoret, mafua hayaishi. Nyuma ya pua kuna kijia kinachofika sikio la kati. Kwa mtoto mdogo ni kifupi na kimelala, kwa hivyo viini hupita upesi na majimaji hujaa nyuma ya ngoma ya sikio. Utaona analia usiku, anavuta sikio, mwili una joto, hataki kula. Ngoma ikitoboka, usaha hutoka na maumivu hupungua. Mzazi anasema amepona. Bado!

Sisi wakubwa mara nyingi hujiumiza wenyewe kwa njiti ya kibiriti, pini, au kijiti cha pamba. Na wakati mwingine jino bovu au koo ndilo linaloleta maumivu sikioni.

Usaha ukiendelea wiki mbili au zaidi, mtoto anaweza kupungukiwa na usikivu. Madrasa anaitwa haitiki, herufi anazikosea. Anaitwa mkaidi, anachapwa kwa sababu ya ugonjwa. Hiyo ni dhulma, hata kama ustadh hakujua. Nyinyi mnaofundisha, mketisheni mbele, halafu mwambieni mzazi ampeleke akapimwe.

Usimtie mafuta wala dawa ya kubahatisha kwenye sikio linalotoa usaha. Lipanguse kwa kitambaa safi na umpeleke dispensari. Akipewa dawa, amalize dozi.

Lakini ukiona uvimbe nyuma ya sikio, shingo imekakamaa, uso umepinda, au anatapika na kichwa kinamuuma sana, hiyo ni dharura. Hospitali siku hiyo hiyo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ukiambiwa pesa kwanza, kitaje kifungu hicho kwa adabu, na usiondoke.

Mtume wetu (SAW) ametuhimiza kutafuta tiba. Basi wiki hii, Langas, Huruma, Munyaka, popote ulipo, simama nyuma ya mdogo wako umwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka, usimkaripie. Mpeleke.

Wabillahi tawfiq.