Halua na Peremende



Siku moja, katika kazi yangu ya kutafsiri, nililifuta neno "peremende" kwa kudhani si Kiswahili safi, nikaandika "vitu vitamu vya kinywani." Mzee mmoja aliposomewa akauliza, "Ni miwa, mwanangu?" Nikaona haya.

Kweli, "peremende" latokana na neno la Kiingereza, peppermint, yaani aina ya mnanaa. Kwao ni kitu kitamu chenye ladha ya mnanaa tu. Kwetu ni kila namna ya vitu hivyo wanavyomung'unya watoto.

"Halua" lilishika njia nyingine. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni utamu. Hata huko India mpishi wa vitu vitamu huitwa halwai, kwa asili hiyo hiyo. Lakini Mombasa na Lamu, halua ni chakula kimoja maalum: wanga, sukari, samli na iliki, husongwa motoni, kikaliwa kwa kahawa chungu.

Basi neno moja lilipanuka, la pili likapungua, na yote mawili ni yetu. Mgeni aliyekwisha kushika jembe haulizwi tena kwao ni wapi.