Mbuzi zimerudi, munganga wa mifugo atatoka wapi?

(Maneno ya komite mbele ya mukutano mukubwa wa wanamemba, Bunia)



Kuko ulizo moja mbele yetu leo: chama kisaidie mutoto mumoja asomee unganga wa mifugo mpaka mwisho, ao hapana? Tumesikia wenye kusema: "Miaka mingi hivyo kwa mutoto mumoja? Na hiyo feza si tungenunua mbuzi zingine?" Wako na haki ya kuuliza. Sisi wa komite tunajibu hivi.

Kwa wengi wetu wa Djugu, Irumu na Mahagi, ng'ombe na mbuzi ndiyo banki. Mutoto akigonjwa, unauzisha mbuzi. Masomo ikianza, unauzisha mbuzi. Vita ya 1999 mpaka 2003 ilikula hiyo banki. Tukaanza kujenga tena, na mwisho wa 2017 moto ukawaka tena kule Djugu. Wenye kurudi wanarudi mikono mitupu, ndiyo maana chama kinagawa mbuzi.

Lakini mbuzi inafika mahali ugonjwa iko inaingojea. Muangalie pesti ya mbuzi na kondoo, ile wanaita PPR: mafua, machozi, vidonda ndani ya kinywa, kuhara, na kisha siku chache zizi ni tupu. Dawa ya kuiponyesha hakuna. Chanjo iko, na sindano moja inakinga mbuzi karibu miaka mitatu. Ila chanjo hiyo inataka baridi, kati ya digrii 2 na 8, mupaka inapofika kwenye zizi. Ikishinda juani juu ya pikipiki, nguvu yake inakwisha. Nani kwetu anajua kuchunga ile baridi? Nani anaweza kutofautisha mbuzi yenye PPR na mbuzi yenye minyoo? Mwenye kuuzisha dawa sokoni atakuuzishia ile iko nayo.

Tena si mbuzi tu. Homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa. Kinachookoa ni kufunga zizi mapema na kutosafirisha nyama yake. Ng'ombe ikifa ghafula na damu inatoka puani, mwenye njaa anataka kupasua. Aliyesoma atasema musiguse, sababu inaweza kuwa kimeta, na mbegu zake zinaishi ndani ya udongo miaka mingi na zinaua watu pia. Na kichaa cha mbwa, dalili zikianza kwa mutu, karibu hakuna mwenye kupona. Mwenye kuchanja mbwa wa mutaa anachunga watoto wetu.

Kuko mufano wa kututia moyo. Miaka ya 1890 sotoka ya ng'ombe ilimaliza mifugo ya Afrika Mashariki. Baadaye, pale Muguga nchini Kenya, munganga wa mifugo Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri. Wachanjaji wakaipeleka zizi kwa zizi, na mwaka wa 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Sasa dunia imepanga kumaliza PPR ifikapo 2030. Bila watu wenye kusoma huku vijijini, mupango huo utabaki kwenye karatasi.

Masomo yenyewe iko namna gani? Mutoto mwenye diploma ya serikali anaweza kwenda Lubumbashi, ao karibu zaidi na sisi, Butembo, kwenye Chuo Kikuu Katolika cha Graben. Katika mupango wa zamani ilikuwa miaka sita. Anaanza na kemia, biolojia na viungo vya mnyama. Kisha vijidudu, minyoo, dawa. Mwishoni magonjwa yenyewe, upasuaji, ukaguzi wa nyama machinjioni, na staji.

Hatufichi uzito wake. Njia ya Butembo inapita Komanda, Luna, Eringeti na Beni, na ninyi wote munajua njia hiyo imelia watu wangapi. Mutoto hawezi kurudi kila likizo. Chakula na nyumba ni za mwaka muzima. Na wengine wanaogopa: akimaliza, atabaki kule kwenye mushahara. Mutu hafungwi kamba, hiyo ni kweli. Lakini tunaweza kuanza vizuri.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo ine. Moja, mutoto achaguliwe kwa pointi zake na kwa upendo wa mifugo, musichana ao mwanaume, bila kuangalia kabila wala jina la baba. Ng'ombe haiulizi kabila ya mwenye kuichanja, na munganga atakayeingia Fataki na pia Kasenyi anatufaa wote. Mbili, minervali ilipwe moja kwa moja chuoni, na risiti isomwe hapa mukutanoni. Tatu, staji ya mwisho afanyie Ituri kama usalama unaruhusu, na aandikiane na chama kwamba atatumikia kwanza vijiji vya wenye kurudi. Ine, kugawa mbuzi kusisimame. Vijana wetu waliomaliza sekondari ya ufundi wa mifugo wapewe sanduku la baridi, waanze kuchanja tangu sasa, chini ya uangalizi wa ofisi ya serikali.

Wafadhili wetu, mbuzi munazotuma zinaonekana haraka katika picha. Mutoto darasani haonekani haraka. Tunawaomba muwe na uvumilivu huo pamoja na sisi, juu mbuzi za mwaka huu zitataka mutu wa kuzitunza mwaka kesho na miaka inayofuata.

Kila kikundi kizungumuze nyumbani, kilete jibu lake kwenye mukutano unaokuja: ndiyo ao hapana, na kinaweza kuchanga nini kila mwezi.